Taa imewaka, lakini magurudumu ya mbele yamelala

Msomaji mpenzi, ikiwa nyumbani kwenu mna pikapu kuukuu ya kuvuta kwa magurudumu manne, ile ambayo mafundi wetu huiita foo-wili, naomba unijibu swali moja kabla hujafungua ukurasa wa mapishi. Umejuaje kwamba magurudumu yote manne yanavuta?

Najua jibu la wengi. Mtasema kwamba mkivuta ile gia ndogo iliyo kando ya gia kubwa, taa huwaka mbele ya dereva, na taa ikiwaka basi kazi imekwisha. Hivyo ndivyo shemeji yangu alivyoamini kwa miaka sita, tangu aliponunua Hilux yake ya mwaka wa 1994. Hivyo ndivyo nilivyoamini mimi pia siku za ujana wangu, nisijifanye mjuaji.

Shemeji anaishi upande wa Njabini, Kinangop. Anayeijua Kinangop wakati wa masika hahitaji maelezo zaidi. Kutoka langoni kwake hadi kwenye lami ni kilomita tatu za udongo mweusi ambao mvua ikinyesha huwa kama sabuni. Na masika ya mwaka wa 2024 utayakumbuka, maana ndiyo yaliyofurika Mathare na kukata barabara sehemu nyingi za nchi.

Usiku mmoja wa Aprili mwaka huo, saa nane hivi, mama mkwe wangu alishikwa na pumu. Dawa yake ya kuvuta kwa mdomo haikumsaidia. Shemeji na mkewe wakambeba hadi kwenye pikapu, na mwanawe mkubwa, ambaye yuko chuo kikuu na alikuwa nyumbani kwa likizo, akapanda nyuma na tochi. Shemeji hakusahau chochote. Alishuka mvuani, akazungusha zile habu za magurudumu ya mbele kutoka FREE hadi LOCK, kulia na kushoto. Akarudi ndani, akavuta gia ndogo kutoka H2 hadi H4. Taa ikawaka. Wakaondoka.

Hawakufika mbali. Kwenye mlima wa kwanza magurudumu ya nyuma yalianza kuchimba, na kadiri alivyokanyaga mafuta ndivyo yalivyozama, hadi ekseli ikalala juu ya matope. Kijana akaruka chini akamulika. "Baba, ya mbele hayazunguki!" Shemeji akamjibu kwa hasira kwamba taa imewaka, asimwambie mambo ya shule. Kijana akarudia, "Baba, shuka uone mwenyewe." Akashuka. Mkewe akakanyaga mafuta kidogo. Nyuma matope yakaruka juu, lakini magurudumu ya mbele yalikuwa yametulia kama ya gari lililoegeshwa kanisani Jumapili.

Jirani mwenye trekta alipatikana baada ya saa moja na nusu. Saa moja na nusu, msomaji, na mzee wa miaka sabini na mitatu ameketi mbele huku pumzi zikitoka kwa mluzi. Alifikishwa hospitalini kukipambazuka, akawekwa oksijeni, akalazwa siku sita. Leo yuko buheri wa afya, na swali la kwanza alilomuuliza mwanawe alipoweza kusema ni, "Hilo gari lako lina ugonjwa gani?"

Fundi wa kwanza aliyeitwa alikuwa na jibu tayari. Alivuta gia ndogo mara mbili, akasikiliza, akatikisa kichwa, akatangaza kwamba transifa imekufa. Transifa ni lile boksi la gia lililo nyuma ya giaboksi, ambalo ndilo hugawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Alitaka shilingi 85,000 kwa transifa ya mtumba, pamoja na kazi yake. Shemeji alinipigia simu kuomba nimchangie. Nikamuuliza kitu kimoja tu: huyo fundi aliinua gari? Hakuinua. Alilala chini yake? Hakulala. Nikamwambia asitoe hata shilingi hadi Jumamosi.

Hebu tuangalie jinsi pikapu ya aina hii inavyofanya kazi, kwa maana ukilielewa jambo hili hakuna atakayekuuzia transifa usiyoihitaji. Kwa kawaida nguvu za injini huenda kwenye magurudumu ya nyuma peke yake. Ukivuta gia ndogo hadi H4, transifa inashika propela ya mbele, ule mtaimbo mrefu unaozunguka chini ya gari. Propela hiyo inazungusha difu ya mbele. Difu inazungusha shafti mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto. Na mwisho kabisa wa kila shafti, katikati ya gurudumu, kuna habu. Habu ikiwa FREE, gurudumu na shafti haziunganishwi, kila kimoja kinakwenda zake. Ikiwa LOCK, vimefungwa pamoja.

Habu hizi si uchawi wa Wajapani. Mwaka wa 1948 Mmarekani aitwaye Arthur Warn alianza kuziuza kwa watu walionunua magari ya Jeep yaliyobaki baada ya Vita Vikuu vya Pili, ili wakiwa kwenye barabara nzuri wasizungushe shafti, difu na propela ya mbele bure. Pikapu nyingi za zamani bado zinatumia mpango huo.

Sasa shika neno hili. Ile taa mbele ya dereva inawashwa na swichi ndogo iliyo kwenye transifa. Inachokuambia ni kwamba ndani ya transifa gia imesogea mahali pake. Basi. Haijui lolote kuhusu propela, haijui kuhusu difu, na habu haizijui kabisa. Unaweza kung'oa magurudumu ya mbele ukayaweka stoo, na taa bado itawaka.

Jambo la pili ndilo lililomshangaza shemeji kuliko yote. Habu moja tu ikikataa kushika, mbele kote hakuna kitu. Wengi hudhani kwamba moja ikifa, utabaki na magurudumu matatu yanayovuta. Sivyo. Kazi ya difu ni kuacha magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo tofauti wakati wa kukata kona, na kwa sababu hiyo nguvu hupita palipo rahisi. Kama habu ya kushoto haijashika, shafti ya kushoto inazunguka peke yake hewani bila kazi, nguvu zote zinakimbilia huko, na gurudumu la kulia, ambalo habu yake ni nzima, linalala palepale. Ndiyo maana ugonjwa mdogo wa upande mmoja huonekana kama kifo cha mtambo mzima, na ndiyo maana fundi asiye na subira hukimbilia transifa.

Jumamosi ikafika. Nilipanda matatu ya asubuhi nikiwa na nguo kuukuu katika mfuko. Tulilisukuma gari hadi mahali tambarare penye changarawe, tukaweka mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, tukavuta breki ya mkono, tukazima injini. Ufunguo nikautia mfukoni mwangu. Usicheke. Mambo yote nitakayokueleza hapa hufanywa injini ikiwa imezimwa. Ukiinua upande mmoja wa gari la foo-wili likiwa katika H4, kisha mtu akawasha injini na kuweka gia, magurudumu yaliyo chini yatavuta na gari litaruka kutoka kwenye jeki. Kuna watu wamevunjwa miguu hivyo.

Kwanza tukaacha habu zote mbili FREE, gia ndogo ikiwa H2, na magurudumu yote chini. Nikalala kando ya gari nikashika propela ya mbele kwa mkono. Ikazunguka kwa urahisi, kama inavyotakiwa. Kisha kijana akaweka gia ndogo H4 na gia kubwa namba moja. Wakati mwingine haiingii mara moja, inabidi gari lisukumwe kidogo meno yapatane, kwa hivyo usilazimishe. Nikashika propela tena. Ikakataa kuzunguka. Ilicheza kidogo tu, kama upana wa ukucha, ikakwama.

Hapo hapo transifa ikawa imesamehewa. Kama ingekuwa imekufa, propela ingeendelea kuzunguka mkononi mwangu huku taa inawaka. Kazi ya dakika tano, na chombo chake ni mkono wako. Fundi aliyetaka 85,000 alikuwa amesimama kando akitazama, nami sikumwambia kitu, kwa sababu ni kijana wa pale pale na ana watoto. Alinikaribia mwenyewe akaniuliza, "Mzee, sasa tunaangalia wapi?" Nikajua huyu atakuwa fundi.

Tukaja kwenye hatua ya pili. Tuliinua mbele yote kwa jeki, tukaweka stendi za chuma chini ya ekseli pande zote mbili. Stendi, si matofali. Tofali hupasuka bila kutoa taarifa. Gia ndogo tukaiacha H4, gia kubwa namba moja, habu zote mbili LOCK. Katika hali hiyo propela imekwama, na difu haina la kufanya ila moja: ukizungusha gurudumu la kulia kwenda mbele, la kushoto lazima lizunguke kurudi nyuma. Fundi akazungusha la kulia. Lilizunguka. La kushoto likabaki kimya.

Kumbe ugonjwa uko kati ya gurudumu moja na jingine, wala hauko nyuma huko. Lakini ni upande gani? Hapa ndipo watu wengi hukisia. Hakuna haja. Tulifungua kifuniko cha habu ya kushoto, kinachoshikwa na boliti ndogo sita. Ukikitoa unaona mwisho wa shafti katikati. Nikamwambia fundi azungushe gurudumu la kulia tena huku mimi nikitazama. Ile shafti ya kushoto ikazunguka vizuri sana, kinyume, bila kukatika. Basi habu ya kulia ni nzima, kwa sababu imepeleka nguvu ndani. Shafti zote mbili ni nzima. Difu ni nzima. Aliyebaki ni mmoja, habu ya kushoto, na kifuniko chake tulikuwa tumekishika mkononi.

(Kama shafti ile ya kushoto ingekataa kuzunguka, tungerudisha kifuniko, tufungue cha kulia na kujaribu kutoka upande wa pili. Shafti ikizunguka hapo, mkosaji ni habu ya kulia. Ikikataa pande zote mbili, huenda kuna kitu kimevunjika ndani, na hapo ndipo mfuko huanza kulia.)

Tulichokiona ndani ya habu hiyo kilinisikitisha. Mtu fulani, katika gereji fulani, wakati wa kubadilisha beringi za magurudumu, aliishindilia habu grisi nzito mpaka ikajaa kama chungu cha samli. Bila shaka alidhani anafanya wema. Lakini ndani ya habu kuna pete yenye meno inayosukumwa na springi nyepesi, na pete hiyo ndiyo huteleza na kuunganisha shafti na gurudumu. Grisi ilikuwa imezeeka, imeshikana na vumbi, na kwa baridi ya Kinangop usiku imekuwa kama nta. Kitasa cha nje kinazunguka hadi LOCK, kinatoa sauti, macho yanaridhika, lakini pete haijasogea hata kidogo. Habu inataka grisi kidogo tu, ya kupakwa kwa kidole.

Tuliosha kila kitu kwa mafuta ya taa na mswaki wa zamani, tukakausha kwa kitambaa, tukapaka grisi nyembamba, tukaweka gasketi mpya kati ya kifuniko na habu. Tukafungua na ya kulia pia, ambayo haikuwa mbali na kufa. Gharama yote, pamoja na chai ya fundi, haikufika shilingi 1,500. Fundi akarudisha gia ndogo H4, akazungusha gurudumu la kulia, na la kushoto likarudi nyuma kwa utiifu. Mama mkwe alikuwa ameletewa kiti na blanketi uani, akitazama. "Ni hilo tu?" akauliza. Shemeji hakujibu.

Mambo mengine niliyoulizwa siku hiyo na baadaye nitayapitia, kwa sababu si kila ugonjwa ni wa habu.

Ikiwa umekwama usiku na hujui kama foo-wili yako inafanya kazi, mwambie mtu asimame kando, mbali na matope yanayoruka, atazame magurudumu huku wewe ukikanyaga mafuta taratibu. Akiona gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yanateleza, usimlaumu fundi, mtambo ni mzima. Difu zote mbili zinapeleka nguvu palipo rahisi, na wewe umekaa vibaya tu. Tafuta mawe, matawi, au magunia ya kuweka chini ya hayo yanayoteleza. Akiona la nyuma tu linazunguka na ya mbele yamelala, hapo ndipo penye ugonjwa. Kwanza shuka uzungushe habu tena, mpaka mwisho wa alama. Habu iliyo katikati ya FREE na LOCK haiko popote.

Kuna pikapu nyingine za miaka ya 1980 na 1990 ambazo hazina habu za kuzungusha kwa mkono. Hizo hufungwa ndani ya difu ya mbele kwa nguvu ya hewa inayofyonzwa na injini kupitia mipira miembamba. Mpira ukipasuka, mambo yamekwisha, na mpira wa miaka thelathini hupasuka. Fuata mipira hiyo kutoka kwenye injini hadi kwenye difu ukiikunja kidogo kwa vidole ili kuona nyufa. Kisha chomoa mpira unaoingia kwenye kile kikombe cha difu, upanguse, uweke wenye unaonyonyeka vizuri, uvute hewa kwa mdomo. Hewa ikiingia bila kukoma, kiwambo cha ndani kimetoboka. Na kama gari ni la dizeli na breki zako pia zimekuwa ngumu, angalia pampu ya hewa kabla ya kitu kingine, maana katika magari mengi ya dizeli pampu ni moja kwa kazi zote mbili.

Sauti nazo husema. Ukiwa na habu LOCK na kukata kona kali kwenye changarawe, ukasikia ta-ta-ta-ta upande mmoja wa mbele, ile jointi inayoruhusu shafti kupinda na gurudumu imechakaa. Kishindo kimoja kila unapoondoka, kana kwamba mtu amepiga chini ya gari kwa nyundo, mara nyingi ni ile jointi yenye umbo la msalaba kwenye mwisho wa propela; ishike kwa mkono uitikise, ikicheza ibadilishe. Gia ndogo ikiruka yenyewe kutoka H4, anza na vibushi vya mkono wake na raba zinazobeba giaboksi kabla ya kukubali boksi lifunguliwe.

Sasa nirudi kwa yule kijana wa chuo kikuu. Wiki moja baada ya ukarabati, kwa furaha ya kuwa na gari zima, alitumwa Flyover kununua chakula cha ng'ombe. Akaenda na kurudi kwa lami, habu zimefungwa na gia ndogo ikiwa H4, ili gari lishike barabara vizuri. Alipofika nyumbani, usukani ulikuwa mzito kama wa trekta na gia ndogo imekataa katakata kurudi H2. Nikapigiwa simu tena. "Shemeji, sasa transifa imekufa kweli."

Haikuwa imekufa. Wanafunzi mnaosoma hesabu hili mtalielewa haraka. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hivyo lazima yazunguke mara nyingi zaidi. Lakini katika H4 pikapu hii imefunga propela ya mbele na ya nyuma pamoja, zinazunguka sawa kabisa, na katikati hakuna difu ya kuzipatanisha. Kwenye matope tairi huteleza kidogo na hesabu inalingana. Kwenye lami kavu tairi haitelezi, basi tofauti hiyo inajikusanya ndani ya shafti na propela kama kamba inayosokotwa, mpaka meno ya transifa yanabanana. Nilimwambia arudi nyuma moja kwa moja, usukani ukiwa umenyooka, mita kumi au zaidi, huku akivuta gia ndogo polepole. Ikatoka kwa kishindo. Ikikataa hata hivyo, kwenda kwenye changarawe au nyasi husaidia.

Kuna msokoto mwingine ambao ni mbaya zaidi, kwa sababu hauponi kwa kurudi nyuma. Msomaji mmoja wa Kitengela aliniandikia kwamba pikapu yake ni nzuri kabisa katika H2, lakini akiweka H4 hata kwenye njia ya udongo, akienda moja kwa moja, inakuwa kama imeshikwa breki, na tairi zinalika upesi. Nilimuuliza kama tairi zote nne ni za kipimo kimoja. Zilikuwa hivyo. Nikamuuliza kama difu imewahi kubadilishwa. Naam, mwenyewe wa kwanza alibadilisha ya nyuma, akaipata ya mtumba kule Kirinyaga Road, ambayo wengi wetu bado tunaiita Grogan.

Hilo ndilo shimo. Difu mbili zinaweza kufanana kwa umbo, zikaingia katika ekseli ileile, boliti zikalingana, lakini hesabu ya meno ndani ikawa tofauti. Moja inahitaji propela izunguke mara 4.1 ili magurudumu yazunguke mara moja, nyingine 4.3. Ukiwa H2 huwezi kujua. Ukiwa H4, mbele inataka kwenda kwa mwendo wake na nyuma kwa mwendo wake, na anayelipa ni tairi, transifa na mfuko wako.

Kuhesabu ni rahisi na kunafaa familia nzima. Paka chaki kwenye propela na kwenye tairi. Zuia magurudumu yanayobaki chini kwa mawe pande zote mbili, maana gia kubwa itakuwa huru na breki ya mkono imeachiliwa, kisha inua gurudumu moja tu la nyuma na uliwekee stendi. Gia ndogo iwe H2. Zungusha gurudumu hilo mara 20 huku mwenzako akisimama mahali pa kuona propela bila kuingia chini ya gari. Kwa kuwa gurudumu la pili limeshikwa chini, difu yenyewe itakuwa imezunguka nusu, yaani mara 10. Propela ikizunguka mara 41, difu yako ni ya 4.1, ikizunguka 43, ni ya 4.3. Fanya vivyo hivyo mbele, habu zote mbili zikiwa LOCK. Nambari mbili zisipolingana, umeipata. Msomaji wangu wa Kitengela alihesabu 41 mbele na 43 nyuma, na mwanawe wa darasa la sita ndiye aliyeshika kalamu.

Kwa wale mnaotaka kununua pikapu ya namna hii, msikubali kuonyeshwa taa. Mwambie muuzaji mwende kwenye udongo, mzungushe habu, mweke H4, mwende mita mia mbili moja kwa moja, kisha L4 gari likiwa limesimama. L4 katika Hilux hizi hupunguza mwendo karibu mara 2.3, kwa hivyo utasikia gari limekuwa polepole na lenye nguvu. Usiposikia tofauti, jiulize. Mkirudi, omba jeki. Muuzaji akikasirika kwa sababu ya jeki, nenda nyumbani.

Na kwa mnaozo tayari, toeni grisi ya zamani kwenye habu angalau kila mwaka, na kila mnapovuka mto uliofika katikati ya gurudumu. Ukikuta grisi imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia na gasketi imechoka. Kila mwezi fungeni habu, mwende H4 kilomita 16 hivi kwenye njia ya udongo, hata kama ni kiangazi, ili oili ifike kwenye difu na jointi za mbele zisikauke kwa kukaa.

Kwa shemeji, kazi hiyo hufanywa Jumamosi ya kwanza ya mwezi, akipeleka maziwa. Mama mkwe ndiye anayehesabu siku. Akimwona anatoka langoni bila kuinama kwenye gurudumu, humwita kwa jina lake la utotoni, na shemeji hushuka.

Wiki ijayo nitajibu barua kuhusu betri zinazokufa usiku wa kuamkia Jumatatu.